Shemeji na Dawa ya Matangazo

Kulikuwa na mtu amefariki, na mama aliyekaa chini ya draya ya saluni alitaka kujua ni nani. Alifungua Ubao wa Mji, ile tovuti iliyosomwa na kila mtu asubuhi kwa sababu vifo, harusi, kukatika kwa maji na vyumba vya kupanga vilitangazwa humo. Kabla jina la marehemu halijatokea, likachomoza tangazo la vidonge vya kupunguza tumbo. Mama akatafuta alama ya kulifunga. Alama ilikuwa imefichwa pembeni, ndogo kama punje ya mchanga, na alipoigusa ikamfungulia kiwanja kinachouzwa kwa bei ya kutupa. Akakifunga kiwanja. Video ya mwanamume anayecheka ikaanza yenyewe, kwa sauti, ikameza bando lote lililobaki. Simu ikapata moto mkononi, na marehemu akabaki hajulikani.

“Mungu amlaze pema, yeyote yule,” mama akasema, akaiweka simu mapajani.

Kwenye benchi la mlangoni alikuwepo mwanamume mwenye upara unaong'aa. Alikuwa akija pale karibu kila siku, na hakuna aliyeelewa mtu mwenye kichwa kama kile anafuata nini saluni. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga hawakuwahi kukutana na mtu huyu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshapotea. Watu walimwita Shemeji kwa sababu yeye alimwita kila mtu shemeji: muuza mkaa shemeji, mwalimu mkuu shemeji, askari aliyewahi kumkamata naye shemeji. Alikuwa amegundua zamani kwamba ni vigumu kumnyima shemeji kitu mbele za watu. Siku ile wengine waliona mama aliyeudhika. Shemeji aliona soko.

Alijua jambo ambalo saluni nzima haikulijua. Ipo programu ya kuzuia matangazo, inawekwa kwenye simu kwa muda wa kupiga chafya mbili, na ni bure. Kwenye simu yake mwenyewe alikuwa ameweka ile kali kuliko zote, na kwa hiyo Ubao wa Mji kwake ulikuwa mweupe na mtulivu, maandishi matupu. Hakuwa ameona tangazo hata moja kwa muda mrefu. Mtu wa kazi yake hawezi kukubali kudanganywa na watu asiowajua.

“Shemeji,” akamwambia yule mama, “simu hiyo si mbovu. Ina homa.”

Akaomba kuishika. Akaiweka shavuni kama anayepima joto la mtoto, akatikisa kichwa, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba matangazo yakishaingia ndani ya simu hutaga mayai. Dawa ipo, ila si kila mtu anaweza kuiweka. Ikiwekwa vibaya inafuta hata picha za harusi. Bei aliitaja akiangalia pembeni, kwa haya ya mtu anayelazimika kumtoza ndugu.

Mama akamtafuta mwenye saluni kwenye kioo. “Unamjua huyu?”

Msusi alikuwa na kitana mdomoni. Alimjua Shemeji kwa kadiri unavyoweza kumjua mtu anayekaa kwenye benchi lako: siku Msusi alipohamia hapo, Shemeji alimsaidia kubeba viti, na tangu hapo hajawahi kuiba kitu kinachoonekana. Akakitoa kitana.

“Mlipe tu,” akasema. “Namjua.”

Hapa lazima uelezwe uzito wa neno hilo. Saluni ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na kioo cha ukuta mzima, viti vinavyozunguka na feni mbili. Saluni ya Msusi ilikuwa na jina la Msusi. Wanawake walimwachia mikoba yao, watoto wao, na habari za waume zao, na waliporudi walikuta kila kitu mahali pake. Jina hilo ndilo lililolipa kodi ya chumba. Likichafuka, hakukuwa na feni ya kuwabakiza wateja.

Dakika chache baadaye mama alisoma jina la marehemu bila bughudha, akalia kidogo tu kwa kuwa alikuwa mtu wa mbali, akamsifu Shemeji. Waliokuwa wakisubiri zamu wakatoa simu zao. Kila mmoja alimtazama Msusi kwanza, na Msusi akaitikia kwa kichwa, na Shemeji akapokea.

Mtu mwingine angeridhika na hapo. Lakini asali haichovywi mara moja, na Shemeji aliona kwamba mzinga huu una milango miwili.

Mlango wa pili ulikuwa kwa Mchapaji, mwenye Ubao. Mzee huyu alikuwa ameishi miaka mingi kwa kuchapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, hadi kadi zilipohamia kwenye simu. Akaona naye ahamie huko. Ubao ulisomwa bure, na matangazo yakalipia umeme. Tangazo la kwanza alilikaribisha mlangoni, likakaa kwa adabu chini kabisa ya ukurasa. La pili likaingia sebuleni. Baada ya hapo Mchapaji alionja, akanogewa, akayafungulia yote, na mwisho wake habari za mji ndizo zikawa mgeni ndani ya nyumba yake.

Siku Shemeji alipoingia na kukaa bila kukaribishwa, mzee alikuwa na huzuni. Mapato yalikuwa yameshuka, na yeye alidhani ni kwa sababu watu wamepunguza kufa.

Shemeji akamfungua macho kwa upole. Akamwambia watu wanamzuia, akamwonyesha jinsi wanavyomzuia, na hakutaja ni nani aliyewafundisha. Kisha akamwambia kwamba zuio lolote lina kizibuo chake, na kwamba kuna mtaalamu, mtu wa nje, asiyependa kujulikana, ambaye kwa malipo kidogo angekiachia. Mchapaji akatoa malipo kidogo.

Jioni hiyo Shemeji alizunguka kwa wateja wake wote akiwashauri waipumzishe dawa. Ikikaa sana, aliwaambia, simu huizoea. Akawazimia mmoja mmoja, bila malipo, na wakamshukuru. Matangazo yakarudi, Mchapaji akaona mapato yanapanda, akamlipa mtaalamu wa nje kwa mara ya pili. Wiki moja ikipita, watu wakishachoka, Shemeji alirudi kuwawashia kwa nusu bei kwa ajili ya undugu. Alikuwa anauza miavuli na kulipwa na mvua.

Nyakati za mapumziko mji uliteseka. Katikati ya sala za maziko ya mwalimu mstaafu, kutoka mfukoni mwa fundi viatu, sauti ya mwanamume ilitangaza kwamba hujachelewa, anza maisha mapya leo. Fundi viatu aliibonyeza simu kupitia kitambaa cha suruali, nayo ikamjibu kwa muziki. Familia ya marehemu bado haijamsamehe. Kesho yake aliitafuta dawa kwa Shemeji kama mtu anayetafuta maji, na Shemeji akamwekea.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka siku Muuguzi alipokuja kusukwa. Mwanamke huyu alikuwa ametoka zamu ya kliniki na hakuwa na subira. Akasikia wenzake wakilalamika kwamba Shemeji hajapita, dawa zimepumzishwa, simu hazishikiki.

“Mnamsubiri wa nini?” akauliza. “Mimi nimeiweka mwenyewe nikisubiri maji yachemke. Ni bure, jamani. Imeandikwa bure hapo hapo juu.”

Akainua simu yake. Ikapita mkono kwa mkono. Wote walikuwa wamekaa wakielekea kioo, na ndani ya kioo wote walimtazama Msusi.

Mkono wa Msusi ulisimama kwenye nywele. Angependa kusema kwamba hakujua, na ingekuwa kweli. Lakini hawakulipa kwa sababu ya Shemeji. Walilipa kwa sababu yeye alisema anamjua. Mama wa draya, ambaye alikuwa amelipa mara nne, akajifunga kitambaa kichwani, akasema kwa adabu kwamba nywele atamalizia siku nyingine. Akatoka. Msusi akamwona anasimama ukingoni mwa barabara, anaangalia huku na huku, anavuka. Kioo cha ng'ambo kikamwonyesha akikaribishwa.

Msusi hakupiga kelele. Alimaliza kumsuka Muuguzi, akawaambia waliobaki kwamba kila aliyelipa kwa neno lake atarudishiwa, wampe siku chache na wasimwambie Shemeji kitu. Kisha akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa Mchapaji.

Alikwenda kwa sababu Ubao ulisomwa na mji mzima, naye alitaka kutoa tangazo la kumuumbua mtu. Lakini alipotaja jina, mzee alikaa chini. Wakalinganisha hadithi zao. Haikuwachukua muda kuona kwamba mtaalamu wa nje na mganga wa ndani walikuwa na upara mmoja.

“Tumeingizwa mjini,” Mchapaji akasema.

“Wewe ndiye uliyejenga barabara ya kutuingiza,” Msusi akamjibu, na hakumpa nafasi ya kupumua. Akamweleza kuhusu maziko. Akamweleza kuhusu bando za watu zinazoliwa na video wasizoziomba, kuhusu vikongwe wanaobonyeza kufunga na kujikuta wamejiunga na huduma za mapenzi. Watu hawachukii tangazo, alisema. Yeye mwenyewe ana kibao nje ya saluni. Lakini kibao chake hakimfuati mtu hadi chooni.

Mchapaji akajitetea kwamba umeme haulipiwi kwa shukrani, na wanaosoma bure wamesahau kwamba kuna anayeandika. Lilikuwa neno la haki, na Msusi akalikubali. Ila akamwambia kwamba mwenye duka akiwapiga wateja makofi mlangoni, asishangae wakiingia kupitia dirishani. Mzee akasema kwamba kwa kweli hata yeye huona haya kuufungua Ubao mbele ya mke wake.

Msusi akauliza swali moja. Kwa sasa dawa za watu zimewashwa au zimepumzishwa?

Zilikuwa zimepumzishwa, mji mzima. Mchapaji alikuwa amemlipa mtaalamu wa nje juzi tu.

“Na simu yake yeye?”

Mzee aliwahi kuiona. Hakuna tangazo linaloweza kupita pale hata likiwa na ngazi.

Basi Msusi akavuta kiti.

Kesho yake asubuhi, kila aliyeufungua Ubao wa Mji alikutana na uso wa Shemeji. Ulijaza kioo chote cha simu, kutoka kwenye picha aliyopigwa saluni akiwa anacheka. Chini yake kulikuwa na maandishi haya: *Usimwambie. Mtu huyu akikuuliza kama kuna wageni waliokuja kuulizia Ubao, jibu: Ndiyo, walikuja na gari jeupe, walimwulizia mwenyewe, walionekana wana haraka. Anayetaka hela yake irudi, azuie ulimi.* Tangazo halikuwa na alama ya kulifunga. Ilikuja baadaye sana, baada ya mtu kusoma yote mara mbili. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ubao, hakuna aliyelalamika.

Mtu mmoja tu hakuliona. Yeye aliufungua Ubao akiwa kitandani, akaukuta mweupe na mtulivu kama kawaida, akasoma habari ya bomba lililopasuka, akaoga.

Saluni alimkuta Msusi akimsuka mteja na kumsimulia, kama umbea tu, kwamba kuna kampuni kubwa inazunguka miji kununua tovuti kama Ubao. Inalipa vizuri mno. Maskini Mchapaji hana habari. Amechoka na kompyuta, macho yanamsumbua, anataka kuuza kila kitu kwa bei yoyote arudi kwenye kadi zake. Msusi akashusha sauti alipomwona Shemeji, na kwa kushusha sauti akahakikisha amesikika.

Shemeji akakaa kwenye benchi lake na kuangalia barabara. Hakuwa mtu wa kurukia jambo. Alikuwa na utaratibu, na ndio uliomfikisha umri ule bila kifungo kirefu: kabla hajatoa hela yake, huuliza watu wasiohusiana. Mtu mmoja anaweza kukudanganya, na wawili wanaweza kupanga. Mji mzima hauwezi kukaa kikao kwa ajili yako.

Akapita kwa mfamasia, akauliza kwa mbali kama kuna wageni wowote wameonekana wakiulizia Ubao. Mfamasia akakohoa, akanyoosha mgongo, akajibu kwamba ndiyo, walikuja na gari jeupe, walimwulizia mwenyewe, walionekana wana haraka. Akapita kwa muuza mkaa, ambaye alitoa jibu lile lile akiwa ameangalia mawinguni kama mtoto anayekariri shairi. Mwalimu mkuu alianza na gari, akasahau rangi, akatupia jicho simu yake, akasema jeupe. Shemeji alivutiwa na jinsi maelezo yalivyokubaliana. Ukweli, alijiambia, ndivyo ulivyo. Uongo ndio unaopishana.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Bibi mmoja pale saluni alimpa Shemeji simu yake amwangalie salio, na Ubao ulikuwa wazi. Muuguzi, aliyekuwa amekuja kubana nywele tu, akaipokonya simu mkono ukiwa njiani, akasema kwa ukali wa kliniki kwamba bibi ana shinikizo la damu na haruhusiwi kushikiwa vitu. Shemeji aliheshimu sana watu wa afya. Hakuuliza zaidi.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa fundi viatu. Huyu alikuwa na moyo mwepesi, na Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mara nyingi wakicheka habari za watu. Fundi aliuinamia msumari kwa muda. Halafu akasema ndiyo, walikuja na gari jeupe, na akaendelea kugonga kwa nguvu kuliko kiatu kilivyohitaji.

Mchana wa siku iliyofuata Shemeji aliingia kwa Mchapaji na mfuko wa kaki. Ndani yake kulikuwa na hela za dawa zote na vizibuo vyote. Alimhurumia mzee kwa sauti nzuri, akamsifu kwa kazi yake, akamwambia kwamba afya ya macho haina bei. Mzee alikubali kwamba haina bei, ila Ubao unayo. Wakavutana kidogo kwa heshima. Mashahidi walikuwa wafanyakazi wawili wa mashine, ambao walisaini wakiwa wamegeuza nyuso. Mchapaji akampa neno la siri la Ubao, akauchukua mfuko, akaukabidhi kwa mkono uliojitokeza kwenye mlango wa nyuma. Mkono ulikuwa wa Muuguzi. Ukaondoka na mfuko.

“Acha niione mali yangu,” Shemeji akasema, akavuta kiti mbele ya kompyuta kubwa ya ofisini.

Kompyuta ile haikuwa na dawa.

Alijiona akicheka, mkubwa kuliko alivyo. Akafikiri ni pongezi. Kisha akasoma maandishi. Akatafuta alama ya kufunga.

“Subiri kidogo,” Mchapaji akasema. “Huwa inachelewa.”

Shemeji akasubiri, akasoma mara ya pili. Kama mtu wa fani hakuweza kukataa kwamba kazi ilikuwa safi. Akauliza ni nani aliyeiandika, akaambiwa. Akauliza kama kweli Ubao ni wake sasa. Mzee akamhakikishia kwamba mauzo ni halali kabisa, hakuna utapeli ndani yake: Ubao ni wake pamoja na matangazo yote, likiwemo hili. Yeye Mchapaji amefungua mwingine leo asubuhi. Una tangazo moja chini ya ukurasa, linakaa kimya, na ukiliambia liondoke linaondoka. Wasomaji wote wameshahamia.

“Hata fundi viatu alijua?” Shemeji akauliza.

“Kila mtu alijua.”

Akatoka bila kuaga. Miguu ikampeleka saluni, kwa nia ya kudai, au kulia, alikuwa hajaamua.

Foleni ilianzia ndani, ikapita benchi lake, ikafika duka la pili. Msusi alikuwa mezani na mfuko wa kaki, anauliza kila mtu alilipa kiasi gani, anahesabu, anatoa. Hakumdai mtu ushahidi. Wao walimwamini bila ushahidi, na aliona ni haki awalipe vile vile. Lakini mfuko ulikuwa umefika nusu na foleni haijafika popote. Ilikuwa imeanza kuonekana kwamba mji umelipa hela nyingi kuliko alizopokea Shemeji. Zikiisha, wa mwisho atakwenda nyumbani mikono mitupu, na kesho habari itakuwa kwamba Msusi amewalipa aliowataka. Aliogopa, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia mfuko.

Fundi viatu alikuwa amenyoosha kiganja.

“Huyo hakulipa,” sauti ikasema mlangoni.

Watu wakageuka.

“Nilimwekea, akanishonea viatu. Hivi hapa.” Shemeji aliinua mguu. Kiatu kilionekana, kimeshonwa vizuri. Fundi viatu akakiri kwamba sasa anakumbuka. “Na wewe kijana, simu yako ni ya tochi. Ingeona wapi tangazo? Na wewe, shemeji, ulikuja, ukauliza bei, ukanitukana, ukaondoka. Nilikuheshimu kwa hilo.”

Hakuwa amekusudia kusaidia. Ila alikuwa na heshima ya kazi yake, na mtu anayedai kutapeliwa bila kutapeliwa alikuwa anakula jasho lake. Msusi akamtazama kwa muda. Halafu akakisogeza kigoda kwa mguu hadi karibu na meza.

“Kaa.”

Shemeji akakaa. Alimkumbuka kila aliyemhudumia, kwa ufa wa kioo cha simu, na kwa uongo aliompa. Wewe nilikuambia inataga, mlipe. Wewe nilikuambia itafuta picha za harusi, ukalipa na nyongeza, mlipe vyote. Ilikuwa kazi ya uaminifu mtupu, na hakuna mshahara aliotajiwa. Kadiri alivyoendelea foleni ilipungua yenyewe. Watu kadhaa walikumbuka wameacha birika jikoni.

Mama wa draya alilipwa mara zote nne. Alihesabu, akaangalia kama kuna mtu kwenye kiti, akakikalia, akasema nywele zake hazikumaliziwa.

Wa mwisho alikuwa mwenye saluni ya ng'ambo. Alisimama mbele ya meza na mkoba wake mzuri. Msusi alikuwa binadamu, na alitamani kidogo Shemeji amkatae huyu. Kama kulikuwa na siku ya uongo mmoja mdogo, ilikuwa hiyo.

Shemeji akakuna upara. “Huyu nilimtoza mara mbili,” akasema. “Alinifuata uani. Akasema kwa kawaida hatoi hela kwa watu kama mimi, ila amesikia Msusi ananijua.”

Msusi akainua uso.

“Ndivyo nilivyosema,” jirani akakubali, kwa shida.

Msusi akamhesabia yote. Mwanamke yule alizipokea bila kuzihesabu tena, akazitia mkobani, akasema asante, mwenzangu, akavuka barabara. Kwenye mfuko kulibaki kidogo, kiasi kile kile alichodai Mchapaji kuwa chake, naye alikuwa amekubali kulipwa mwisho. Msusi akakalia ukingo wa meza. Hakulia, lakini alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Watu walikuwa wametawanyika. Shemeji alibaki kwenye kigoda.

“Nilipita kwa kila mtu,” akasema. “Niliuliza hadi kwa muuza mkaa. Hata mmoja hakunidokeza.”

“Wangekudokeza kwa sababu gani?”

Msusi hakulisema kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua. Shemeji alifungua mdomo. Katika mji ule alikuwa hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, na hili alilitafutia jibu muda mrefu, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba. Iliuma, wala hakuficha kwamba iliuma. Mwishowe akauliza kama kuna kitu anachoweza kusaidia kabla hajaenda.

Msusi alikuwa ameshakishika kitana na kurudi kwenye nywele za mama wa draya. Akamwambia ufagio uko nyuma ya mlango.